Sogeeni, Mwingine Akae

Ukitaka kugombana na watu wa Kenyenya, mseme vibaya mwalimu wetu wa darasa la kwanza. Mimi nimemsema, na nimegombana. Nimemsema kibandani kwangu sokoni ninaposhona nguo, nimemsema mbele ya wateja, na Sabato moja nikamsema nje ya kanisa, jambo ambalo mama yangu hajanisamehe hadi leo. Huniambia, huyo ndiye aliyekufanya mtu, Moraa, unamtukanaje? Ni kweli, alinifanya mtu. Hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mwalimu mbaya ningetema mate chini nikaendelea na kazi yangu.

Jina lake sitalitaja kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Walimu wengine pale shuleni walikuwa na majina, mwalimu fulani na mwalimu fulani, lakini ukisema Mwalimu peke yake kila mtu alijua ni yule mama mfupi wa sweta ya kijani, wa watoto wanaoanza. Walitaka kumpandisha madarasa ya juu mara nyingi, akakataa. Alikuwa akisema kwamba walimu wa juu wanakula nyama iliyokwisha kuiva, yeye ndiye anayepuliza moto, na macho yake yameshazoea moshi.

Sauti yake! Waliokuwa wakilima ng'ambo ya kijito walijua somo limefika wapi. Alikuwa na fimbo ya mkaratusi ambayo sikumwona akimpigia mtoto hata siku moja, aliipigia ubao. Anagonga silabi, darasa linaitikia, anagonga nyingine, darasa linaitikia, na kabla ya saa nne asubuhi nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe kwa chaki. Msichana yeyote aliyemcheka aliitwa mbele kumpangusa, na akishampangusa wanacheka wote wawili.

Alikuwa Msabato wa kweli, si wa kuvaa. Ijumaa jua likianza kuinama hakuna daftari lingeguswa nyumbani kwake. Mtoto akimpelekea kazi Jumamosi, atalipokea daftari kwa ncha za vidole na kuliweka juu ya kabati mpaka Jumapili. Kwao Nyacheki ana shamba la majani chai, analipalilia, analichuma mwenyewe, na chai yenyewe hanywi. Ukimwuliza, anasema Mungu hakumkataza kuuza. Mgeni wake anapewa maziwa ya moto, apende asipende.

Tena alikuwa mkali kwa watu wazima kuliko kwa watoto. Mzazi akija shuleni amelewa, Mwalimu atamshika mkono kama mtoto amtoe nje ya lango, awe mkubwa namna gani. Lakini hapo hapo, mbele ya mkuu wa shule na wale watu wa ofisi ya elimu wanaokuja na gari, mwanamke huyo huyo alikuwa anakunja mikono na kuinamisha kichwa. Nitalirudia hilo, maana limenikaa kooni.

Kwanza niseme alichonifanyia, nisije nikaitwa asiye na shukrani.

Nilipoanza shule nilikuwa mkaidi. Ndivyo nilivyojulikana nyumbani: ukimwita haji, ukimtuma anasahau, ukimkanya anakutazama tu. Nilikuwa nimechapwa kwa ukaidi huo tangu nijue kutembea. Darasani tulikuwa kama arobaini, watatu kwa kila dawati. Wiki ya pili Mwalimu alikuja nyuma yangu tukiandika, akaniita kwa sauti ya chini upande wa kulia, nikageuka. Siku iliyofuata akaniita vile vile upande wa kushoto, nikaendelea kuandika. Jioni hiyo alitembea na mimi mpaka nyumbani, akakataa kukaa, akamwambia mama yangu akiwa amesimama mlangoni kwamba mtoto si mkaidi, sikio la kushoto halifanyi kazi. Mama alilia hapo hapo na sufuria mkononi. Kuanzia kesho yake nilikaa dawati la mwisho kushoto, karibu na dirisha, ili sikio langu zima limwelekee yeye. Sijachapwa tena kwa ukaidi. Nilisoma, nikamaliza, nikajifunza ushonaji, na leo nina vyerehani viwili na mteja wangu yeyote najua kumsikiliza nikiwa nimemgeuzia upande mzuri.

Wiki mbili! Alimjua mtoto kwa wiki mbili kuliko mama yake alivyomjua kwa miaka sita. Huyo ndiye mwalimu ninayemsema.

Halafu ikatangazwa kwamba shule ya msingi ni bure. Watoto wakaja, na walikuwa na haki ya kuja, mimi sisemi hata mmoja angebaki nyumbani kuchunga ng'ombe. Ninachosema ni kwamba waliotangaza walitangaza tu wakaenda zao. Darasa lilikuwa lile lile la ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, madirisha mawili, moja baadaye likazibwa kwa bati baada ya kioo kuvunjika. Mwalimu alikuwa yule yule mmoja. Kila Januari mzazi alisimama mlangoni na mtoto wake, na kila Januari Mwalimu aliwageukia waliokaa akasema, sogeeni, mwingine akae. Dawati la watatu likawa la wanne, likawa la watano, mpaka mtoto wa mwisho anakalia tako moja na mguu mmoja uko njiani. Hakumkataa mtu. Watu walimsifu kwa hilo kanisani, wakamwombea maisha marefu.

Na sisi wazazi, jamani, sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa mkutanoni tukipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati ya shule alisimama kila mwaka na karatasi yake, akasoma watoto wameongezeka wangapi, kwa majivuno kama mtu anayesoma magunia ya mahindi aliyovuna. Mwaka mmoja mama mmoja wa kule chini aliuliza watasomaje wakiwa wengi hivyo. Mwenyekiti akamjibu kwamba penye wengi pana Mungu, tukacheka, yule mama akakaa. Nilicheka na mimi. Tena nilikuwa na sababu yangu: Januari cherehani changu hakikupoa, kila mtoto mpya aliyesogezewa dawati alikuwa sare mpya kwangu. Sijivunii, nasema tu ilivyokuwa.

Sasa la aibu zaidi. Binti yangu Kemunto hakuanza kwa Mwalimu. Alianza katika kishule cha kanisa huko bondeni, karibu na kisima, watoto wao hawakufika thelathini. Mwalimu wao alikuwa kijana asiyejulikana, anapanda na kushuka kilima kwa viatu vya plastiki. Kemunto alirudi nyumbani siku moja ananiambia leo mwalimu amenisomesha mimi, amenisomesha tena, halafu akanisomesha tena. Mimi nikaona huyo kijana hana kazi. Huku kwetu tunachagua shule kama tunavyochagua hoteli: penye foleni ndipo penye chakula, pasipo na watu jiulize kwa nini. Majirani wakaniuliza kwa nini nimemtupa mtoto mahali ambapo hata watu hawaendi, na Mwalimu wangu mwenyewe bado yupo. Nikamtoa. Nikampeleka kwa mkono wangu, kwa sare niliyomshonea usiku kucha, mpaka mlango ule ule.

Mwalimu aliniona akafurahi kweli. Akanishika mabega, akaniambia nimenenepa. Watoto nyuma yake walikuwa wamejaa mpaka sakafuni, mia moja na kumi na wawili, na wangu akawa wa mia na kumi na tatu. Nilisimama pale nikaliona darasa lile kwa macho yangu mawili, na kitu ndani yangu kikaniambia mrudishe huyu mtoto. Sikukisikiliza. Mwalimu akageuka, akawaambia wasogee. Nilimshukuru mara tatu.

Mimi ni fundi. Siwezi kuwapima wanawake kumi kwa mara moja kwa kuzungusha tepe kwenye kundi lote, halafu nikasema kila mmoja nguo itamfaa. Hilo nalijua tangu siku ya kwanza ya kazi, na bado nilimwacha mtoto pale.

Mnajua darasa la namna hiyo linavyosoma? Linasoma kwa pamoja. Fimbo inagonga, midomo mia inafunguka, kelele inatoka moja nzuri kabisa, na mtu anayepita barabarani anasema, watoto wanasoma. Kemunto alikuwa nyuma karibu na lile dirisha la bati, ubao ulimezwa na vichwa. Akajifunza kutazama midomo ya aliye karibu naye na kufungua wake nusu pumzi baadaye. Na kwa kuwa ana kichwa kizuri, kitabu chote alikihifadhi kwa masikio. Jioni alinisomea nikiwa ninashona, mimi nimekazia macho sindano, sikio langu zima kwake, yeye anafungua ukurasa panapofaa kabisa. Nilikuwa nawaita wateja waje wamsikie.

Madaftari nayo? Mwalimu aliyabeba nyumbani katika kapu la kuchumia chai, mgongoni. Hakuna mfuko mwingine ungeyatosha. Leo safu hii, kesho safu ile, na zamu ya mtoto ilirudi baada ya wiki mbili au tatu, kama hapakuwa na mitihani. Kemunto alinakili herufi kutoka ubaoni kama mtu anayetarizi, moja moja, zimesimama wima. Chini yake kwa kalamu nyekundu kumeandikwa Vizuri. Ninayo madaftari hayo yote, Vizuri juu ya Vizuri, na nikiyatazama natamani kuyachoma.

Kwa uhaba wa walimu, darasa lile alilipeleka mwenyewe hadi gredi ya pili, halafu akastaafu, watu wakamnunulia blanketi na sufuria kubwa, wakamwimbia. Kemunto akaendelea, gredi ya tatu, ya nne, ya tano, madarasa yote yamejaa, kila mwalimu akidhani aliyemtangulia ameshamfundisha kusoma.

Nilivyojua ni kwa blauzi. Mwaka huu, Kemunto yuko gredi ya tano, mikono yangu iko kwenye kitambaa, nikamwambia anisomee vipimo vya mteja kutoka daftari langu. Nimezoea kuandika mabega kwanza, halafu kifua, halafu kiuno, halafu nyonga. Lakini mteja yule alikuwa na haraka, nilimpima ovyo ovyo, nyonga ikaja kwanza. Kemunto akasoma bila kusita: mabega hivi, kifua hivi. Tarakimu zilikuwa sahihi, zile zile zilizoandikwa. Maneno aliyataja kwa mpangilio wangu wa kila siku. Nilikata. Blauzi ilipotoka, mabega yake yangemtosha ndovu. Nikachukua daftari, nikamwonyesha neno moja, nikamwambia, soma hapa. Akasema mabega. Nikamwonyesha la chini. Akasema kifua. Nikamwonyesha neno lililoandikwa kwenye gunia la mchele la jirani, akanitazama usoni kutafuta midomo yangu inataka kusema nini.

Nilikaa chini. Yeye ndiye aliyeanza kulia, akaniomba nisimwambie mtu, akasema hata hivyo shule haina haja, aache, ashone na mimi, kushona hakuhitaji kusoma. Mwaka ujao ni mtihani wa gredi ya sita, halafu sekondari ya chini, na mtoto wangu wa miaka kumi na moja anataka kuacha shule ili asijulikane.

Nilikwenda shuleni nikiwa nimewaka. Mwalimu wake wa sasa aliniambia aliwapokea hivyo. Mkuu wa shule aliniambia ameomba walimu, hajaletewa. Mwenyekiti aliniambia kamati haiajiri. Kila mtu alikuwa na ukweli wake mkononi, na mtoto wangu hana hata neno moja. Basi hasira yangu ikatafuta mtu ambaye ingemuuma, na mtu huyo alikuwa amestaafu, yuko kwao Nyacheki.

Tulikwenda Jumapili, mimi na Kemunto, kwa pikipiki. Njia nzima nilipanga maneno. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la watu wa ofisini. Waliwahi kuja shuleni siku ya mkutano wa wazazi, wakaingia darasani kwake, wakaona watoto wamekaa hadi miguuni mwa ubao, wakamwuliza kama kuna shida. Mwanamke mwenye sauti ya kuvuka kijito akakunja mikono akasema hakuna shida, tunashukuru. Nilikuwa nimesimama hapo nje dirishani. Nilimsikia!

Tulimkuta shambani katikati ya chai, amezeeka, amepungua. Alinitambua kutoka mbali kwa mwendo wangu. Alinawa mikono, akatuletea maziwa ya moto, akachukua kigoda chake kukaa. Akakiinua tena, akazunguka, akakiweka kulia kwangu. Hakufikiria, alifanya tu. Nikamchukia kidogo kwa hilo.

Akaniuliza mama yangu hajambo, na wale niliosoma nao, mmoja mmoja kwa jina, nani aliolewa wapi, yule aliyekuwa akikojoa akicheka siku hizi anafanya nini. Halafu akamgeukia Kemunto akitabasamu, akauliza, "Na huyu mgeni wangu ni nani?"

Kemunto akatazama kikombe. Nikasema, "Huyu si mgeni, Mwalimu. Ulimfundisha miaka miwili."

Alidhani natania. Alipoona sitanii alichukua miwani, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akamwuliza alikaa wapi, akamwuliza alikuwa na nani, na nilimwona anatafuta ndani ya kichwa chake na hapati kitu. Ndipo nikamwambia yote, ya midomo, ya kitabu cha kuhifadhi, ya blauzi, ya kuacha shule. Nilitaka ajitetee ili nimjibu. Hakujitetea. Aliingia ndani akatoka na kitabu cha nyimbo, akamketisha Kemunto karibu naye. Wimbo wenyewe mtoto anaujua kwa moyo, lakini mama huyu si wa kudanganywa: aliufunika mstari kwa kiganja akaanza kumwonyesha maneno kutoka mwisho kurudi mwanzo, moja moja, polepole, anamsikiliza, anatazama macho yake yanakwenda wapi.

Maziwa yangu hayakuwa yamepoa alipoinua kichwa. Akasema mtoto anajua herufi zote, ila hakuna aliyemwonyesha jinsi zinavyoshikana. Akasema ni kazi ya miezi mitatu.

Hapo nikalipuka. Nilisimama. Nilimwambia, "Robo saa! Miaka miwili, Mwalimu, ulimkosea robo saa?"

"Nilimkosea," akasema.

Nikamwambia na lile la watu wa ofisini, kwa nini alikunja mikono, kwa nini hakupiga kelele. Akasema, "Niliogopa nikisema wamejaa, hawataleta mwalimu. Watafukuza watoto." Nawajua watu wetu, na sijui kama wasingewafukuza. Lakini hasira haikutoka, wala sitaki mtu anitulize. Nilimwambia kwamba walifukuzwa hata hivyo, wakiwa wamekaa ndani. Akaitikia kwa kichwa. Kwamba mimi mwenyewe nilimtoa mtoto mahali alipokuwa akisomeshwa mara tatu kwa siku nikamtia pale, hilo sikulisema, na Kemunto, ambaye alikuwa amekaa pale na alijua, hakulisema pia.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kutafuta mwenye pikipiki kwenye simu. Mwalimu alikuwa amemshika Kemunto mkono, akamwuliza kwa upole pale dawatini alikaa na nani. Kemunto akamtajia: Bosibori, Nyaboke, Ondieki, na Nyaboke mwingine. Mwalimu akamwuliza yeye alikuwa anatazama midomo ya nani.

"Ya Ondieki," akasema Kemunto.

"Na Ondieki?"

"Ya Bosibori."

"Na Bosibori alikuwa anajua kusoma?"

Kemunto alinitazama kwanza mimi, kama anayeomba ruhusa. "Sisi wa nyuma wote tulikuwa tunatazamana tu, Mwalimu."

Mwalimu alivua miwani. Akaiweka mapajani, akawa anapangusa vioo kwa pindo la leso. Wawili kati ya hao najua wameshaacha shule, mmoja anachuma chai ya watu. Nikangoja aseme samahani, nikangoja aseme neno la Mungu, nimkatize.

"Waambie waje," akamwambia Kemunto.

"Wote, Mwalimu?"

"Hapana," akasema. "Mmoja mmoja."